Haki ya aliyetangulia: Adabu tunayoipoteza katika foleni za supamaketi

 

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia swala, funga na mirathi, leo umeingia supamaketi na kusimama mbele ya keshia. Tumelazimika. Hapa Dar es Salaam familia nyingi ambazo zamani zilimaliza mahitaji yao sokoni na katika duka la mtaani, sasa hununua mchele, mafuta na sabuni katika maduka haya makubwa, hasa mwisho wa mwezi na katika alasiri za Ramadhani. Na humo ndimo tunamowashuhudia watu wazima, wengine wamevaa kanzu na kofia, wengine wamejistiri kwa mabuibui, wakimpita mtoto aliyetumwa na mama yake kana kwamba mahali aliposimama hapana mtu.

Mbinu zenyewe zinajulikana. Yuko anayeliacha toroli tupu katika foleni, akaenda kuzunguka baina ya rafu na kurejea kila mara na bidhaa mbili tatu, akihesabu kwamba toroli lile ni yeye mwenyewe. Yuko anayemtanguliza mwanawe na kikapu chenye dawa ya meno, na zamu inapofika hutokea baba na shehena ya mwezi mzima. Yuko anayemwona jirani yake karibu na keshia, akamsalimu kwa bashasha, wakaulizana hali za watoto, na mazungumzo yanapokwisha bidhaa zake zimekwisha kuwekwa juu ya kaunta pamoja na za jirani. Salamu ni sunna, lakini salamu ya namna hii ina gharama, na wanaoilipa ni walioko nyuma. Yuko anayeingia katika njia iliyoandikwa bidhaa kumi akiwa na ishirini na tano, akadai kwamba chupa sita za maji ni kitu kimoja. Na yuko yule mwenye sauti ya upole: “Samahani mwanangu, mimi nina mkate tu.” Vijana huliita jambo hili kuchomekea, neno linalotumika kwa madereva wa barabara zetu, nasi hatujaona neno linalofaa zaidi.

Tumejiuliza tabia hii imetoka wapi. Foleni ya kulipia ni kitu kipya katika historia ya biashara. Clarence Saunders alipofungua duka lake la Piggly Wiggly katika mji wa Memphis, Marekani, mwaka 1916, aliubadilisha utaratibu wa kale: mnunuzi ajichukulie bidhaa mwenyewe, kisha alipe anapotoka. Kabla ya hapo muuzaji alisimama nyuma ya meza yake, akamsikiliza mteja, akapima na akafunga. Duka la mtaani kwetu lingali hivyo hadi leo. Hapana mstari, pana dirisha lenye nondo na mikono iliyonyooshwa na fedha. Anayehudumiwa kwanza ni mwenye sauti kubwa, au mwenye mkono mrefu, au anayejuana na mwenye duka. Anayehudumiwa mwisho ni mtoto, ambaye kimo chake hakifiki dirishani, na ambaye tumemfunza nyumbani asimkatize mkubwa anapozungumza. Adabu tuliyomfunza sisi wenyewe ndiyo inayotumiwa kumnyang'anya zamu yake. Wengi wetu tumeingia supamaketi na mazoea hayo hayo ya dirishani.

Hata hivyo, si kweli kwamba watu wetu hawaijui foleni. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunazikumbuka foleni za sukari, sabuni na unga katika maduka ya kaya, katika miaka ile ya uhaba iliyozaa kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walipanga mawe, matofali na makopo kushika nafasi zao tangu alfajiri. Mbele ya bomba la maji walipanga ndoo. Jiwe halina mdomo wa kujitetea, lakini mara nyingi liliheshimiwa, kwa kuwa kila mmoja alijua ni la nani. Aliyemdhulumu mwenzake asubuhi angekutana naye msikitini adhuhuri, na pengine wangebeba jeneza pamoja jioni. Katika supamaketi hapana kujuana. Tunayemchomekea hatumjui jina wala mtaa, na akitoka na mifuko yake huenda tusionane naye tena hadi Siku ya Kiyama.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndiyo sababu tumelileta katika ukurasa wa Ijumaa. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake husafishwa kwa toba ya kweli, lakini haki ya mja mwenziwe huongezewa sharti: arudishiwe mwenyewe, au amwombwe radhi. Aliyekopa akakana deni anajua nyumba ya aliyemkopesha. Aliyechomekea watu sita, mmoja akaenda Mbagala, mwingine Tegeta, mwingine akapanda basi la Tanga, atawatafuta wapi ili wamsamehe?

Msomaji anaweza kutuuliza: je, nafasi katika foleni ni haki kweli, au ni utaratibu wa wenye maduka tu? Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj ni maarufu kwa wasomaji wa fiqhi ya Kishafii katika pwani yetu, amelieleza ghasbu kuwa ni kuitawala haki ya mtu mwingine kwa uonevu. Hakuishia kwenye mali. Na wafafanuzi wa madhehebu wakaingiza humo hata kumwinua mtu mahali alipokaa msikitini au sokoni, ingawa mahali hapo si miliki yake wala hakupalipia. Aliyetangulia kufika kwenye jambo la watu wote ana haki kuliko aliyemfuata. Msingi huo umo katika fiqhi ya visima, ya malisho na ya vibaraza vya sokoni karne nyingi kabla mtu hajawaza kuburuta toroli.

Wapo watakaosema kwamba mila yetu ni kumpisha mkubwa, na kwamba mtoto hapungukiwi na kitu akisubiri. Tuwakumbushe tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikaa kijana mdogo kuliko wote waliohudhuria, na kushotoni walikaa wazee. Zamu kwa mujibu wa utaratibu ilikuwa ya aliye kulia. Mtume hakuwapa wazee kwa ukubwa wao. Alimgeukia yule kijana akamwomba ruhusa ya kuwapa wao kwanza. Kijana akakataa, akasema hawezi kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Basi Mtume akamkabidhi kikombe mkononi. Wapo waliosema kwamba kijana huyo alikuwa Ibn Abbas (R.A.).

Tulitafakari vizuri tukio hili. Aliyekuwa na mamlaka kuliko wote katika kikao kile aliomba ruhusa kwa mtoto, na alipokataliwa hakukasirika. Sisi ambao hatuna hata chembe ya daraja hiyo tunampita mtoto wa miaka tisa pale kwenye kaunta bila hata kumtazama usoni, kisha tunamsikia mama yake akimgombeza nyumbani kwa kuchelewa.

Kumpisha mzee, mjamzito, mgonjwa au mlemavu ni wema mkubwa, wala hatuandiki haya ili watu wawe na nyoyo ngumu. Tunachouliza ni nani mwenye kutoa. Ukarimu hutoka katika mali ya mkarimu. Mwenye nafasi ya tatu akimwambia rafiki yake apite mbele yake, naye akabaki wa nne, ametoa nafasi yake na ya watu wote walio nyuma yake bila wao kuulizwa. Kama walio nyuma ni sita, na huduma ya huyo aliyeingizwa ikachukua dakika mbili, watu hao wamechukuliwa dakika kumi na mbili kwa jumla, huku shukrani zikienda kwa mtu mmoja ambaye naye amepoteza mbili tu. Anayetaka kuwa mkarimu kweli ampe mwenzake nafasi ile, kisha yeye ashike ya huyo mwenzake mwisho wa foleni. Au ageuke nyuma aseme kwa sauti: “Jamani, mnaturuhusu tumtangulize huyu bibi?” Katika muda wote tuliosimama kwenye foleni hizi hatujapata kusikia watu wakimkatalia bibi. Kuombwa ruhusa kunaukunjua uso wa mtu.

Mkate mmoja nao hauhalalishi kitu. Aliyebeba mkate mmoja ana haki sawa na mwenye toroli, kama vile mwenye rakaa moja iliyompita na mwenye tatu wote husimama katika safu. Akiruhusiwa, alhamdulillahi. Asiporuhusiwa, asinung'unike, kwa maana hakudhulumiwa.

Kuhusu anayeliacha toroli, tutofautishe. Aliyekwisha kusimama kwa nafsi yake, akakumbuka chumvi, akaenda upesi na kurudi, huyo hana lawama. Imepokewa na Muslim kwamba aliyeinuka mahali pake kisha akarejea ndiye mwenye haki napo zaidi. Lakini toroli lililotangulizwa kabla ya manunuzi linafanana na mkeka aliotandikiwa mtu safu ya kwanza siku ya Ijumaa ilhali yeye yungali nyumbani anakunywa chai, na wanavyuoni wa Kishafii wameruhusu aliyefika auondoe mkeka huo. Ijumaa inatukumbusha pia yule mtu aliyekuja akiruka shingo za watu wakati Mtume (S.A.W.) akihutubu. Aliamriwa akae, akaambiwa kwamba amewaudhi watu. Kama kusogea mbele kwa ajili ya kuisikia hotuba ya Mtume hakukuwa udhuru, hatujui udhuru wa kuiwahi mashine ya risiti utakuwa upi.

Tusiwatupie wanunuzi lawama zote. Duka lenye kaunta nane likafungua tatu mwisho wa mwezi limeitengeneza fitina hii kwa mikono yake. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kupanga vitu katika vikapu na mabegi ya mteja mwenyewe kunahitaji msaidizi. Mara nyingi msaidizi hayupo, na keshia hupanga peke yake. Ndizi ambazo hazikupimwa zinarudishwa zikapimwe. Malipo ya simu yanasubiri ujumbe uingie. Kila kuchelewa kunamwongezea mtu hasira, na mwenye hasira huona foleni ya pembeni inakwenda mbio. Hesabu yake ni nyepesi: penye foleni tatu zinazolingana, uwezekano wa yako kuwa ya haraka kuliko zote ni mmoja katika tatu. Mara mbili katika tatu utaona jirani anakupita, na si kwamba umerogwa. Benki nyingi zimeliondoa tatizo hili kwa foleni moja inayogawanywa kwa makeshia wote, au kwa namba za karatasi. Hatuoni sababu ya maduka yenye nafasi ya kutosha kushindwa kufanya hivyo.

Keshia naye yumo katika mtihani. Amefundishwa kwamba mteja ni mfalme, na anachelea kushitakiwa kwa meneja. Akimwambia mheshimiwa arudi nyuma, huenda kesho hana kazi. Kwa hiyo wenye maduka wabandike utaratibu ukutani kwa Kiswahili kinachosomeka, wamlinde mfanyakazi anayeusimamia, na watenge njia ya wazee na wenye udhuru ili pasiwe na haja ya kuomba. Ufilipino imeliweka hilo katika sheria: tangu mwaka 2010 maduka na ofisi zinatakiwa ziwe na njia maalumu kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi.

Ama aliyekwisha kuwachomekea watu asiowajua na moyo ukamrudi, wanavyuoni wameeleza kwamba mali ambayo mwenyewe hapatikani kabisa hutolewa sadaka kwa niaba yake. Muda haurudishwi kwa shilingi, lakini mlango wa kuwaombea dua wale watu na kuwatolea sadaka haukufungwa, pamoja na azma ya kutorudia. Wazazi wana njia nyepesi zaidi. Mtoto anapotumwa dukani, afunzwe pia kusema kwa adabu: “Shikamoo baba, mimi nilitangulia.” Na baba akiambiwa hivyo aitikie marahaba, arudi nyuma.

Limebaki la Ramadhani, ambalo ndilo linaloleta zogo kubwa zaidi. Jua linakaribia kuzama, foleni imefika kwenye rafu za biskuti, na kila mmoja anasema nyumbani wanamngoja. Wote wanangojwa. Kuharakisha futari ni sunna, nayo hutimia kwa tende au kwa funda la maji. Sambusa na uji vinaweza kufuata baada ya swala. Anayejua kwamba ataingia dukani baada ya alasiri aondoke nyumbani na tende tatu mfukoni na chupa ndogo ya maji, na adhana ikimkuta katika foleni afuturu papo hapo aliposimama, amgawie na aliye mbele yake.