Mchora tatuu naye awajibike kama fundi mwingine

Nina dukuduku kuhusu vijana wanaochora watu tatuu katika vibanda vya kunyolea nywele huku Ukonga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe, na kila mwisho wa mwezi hufika Ukonga kwa dada yangu. Sina ugomvi na mtu mzima anayeamua kujichora mwili wake. Ninachouliza ni kimoja tu: kazi ikiharibika, nani analipa?

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 17, yuko kidato cha tatu, alipokwenda kuchorwa mkononi maneno “Mama Daima”. Aliyaandika mwenyewe kwenye karatasi, tena kwa usahihi, akatoa shilingi 30,000 alizozipata kwa kubeba zege wakati wa likizo. Alirudi nyumbani na “Mama Dahima”. Kosa hilo mimi nalisahihisha kila wiki katika madaftari ya darasa la nne, lakini hili halikukubali kalamu nyekundu. Kisha mkono ukatunga usaha, na kidonda kilipofunga herufi zilivimba zikawa makovu manene ambayo hata kipofu angeyasoma kwa kidole.

Tulimfuata fundi. Tulipomwomba ile karatasi, alisema aliifutia wino. Tulipomwomba fedha, alijibu kwamba kazi ikishaingia mwilini hairudi, ila kwa shilingi 40,000 nyingine yuko tayari kuchora tai juu yake. Yaani aliyekosea ndiye alipwe mara mbili! Ndugu Mhariri, fundi cherehani akiharibu kitambaa cha mteja anakilipa, na hakuna anayemwonea huruma. Inakuwaje ngozi ya mtoto wa watu iwe rahisi kuliko kitambaa cha suruali?

Zamani haikuwa hivi. Fundi aliyechanja nembo za Wamakonde, akazipaka mkaa, alikuwa mtu anayefahamika kijijini, na kazi yake ilitembea usoni mwa jirani zake maisha yao yote. Huyu wa kibandani leo yupo Ukonga, kesho amehamia Mbagala.

Hasara yenyewe haikuishia kwenye shilingi 30,000. Ukonga ni mahali pa watu wa sare. Magereza wako hapa, FFU wako hapa, na vijana wengi wanakua wakitamani kuingia huko. Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne alilichukua tangazo la ajira la Jeshi la Polisi, akasoma sifa moja moja akifurahi, mpaka alipofika pale panaposema mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Alilikunja, akaliweka chini ya godoro. Jirani mmoja akamshauri achome mkono kwa maji ya betri. Dada yangu aliyamwaga chooni yale maji, na siku hiyo hakuna aliyekula chakula cha jioni.

Hatimaye tulimwendea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akamwita fundi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hatukuwa tukiomba hisani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimtambui mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa na uwezo wa kuingia mkataba, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya umri huo ni mtoto. Sasa yale makubaliano ya kibandani yalikuwa makubaliano gani? Fundi alirudisha shilingi 15,000, akasema ndizo alizo nazo. Tuliambiwa tunaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo kudai zilizobaki, lakini hatukuwa na karatasi, wala picha, wala stakabadhi, na dada yangu alikuwa amechoka. Hilo ni kosa letu, nalikiri. Wazazi wenzangu, mwanao mtu mzima akishikilia kuchorwa, maneno yaandikwe, fundi atie sahihi, na karatasi ibaki kwa mteja.

Kuhusu sindano sitasema mengi, maana yanajulikana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba, na kwa sindano hiyohiyo UKIMWI nao hupita. Pale kibandani niliona sindano zimelala katika kopo la maji pamoja na vichana.

Naomba Halmashauri ya Jiji iwatake watu hawa wawe na leseni inayoitaja kazi hiyo yenyewe, siyo kujificha ndani ya leseni ya kinyozi. Wasiguse mtoto, na wamwambie kila kijana kuhusu lile sharti la polisi kabla ya kushika sindano. Maofisa afya wanaweza kuanzia hapa Ukonga. Vibanda vyenyewe havijafichwa. Vina picha za tai na waridi ukutani, na vinafunguliwa saa tatu asubuhi.

Mwalimu wa Kijijini,
Ukonga, Dar es Salaam.