Fundi, weka keke chini

Mvuvi mmoja wa Kyavinyonge aliniuliza kama ni lazima kutoboa pirogi ili kufunga sona, ile mashine ya kuonyesha kina cha maji na samaki. Fundi alikuwa tayari ameshika keke. Kwa upande wangu jibu ni hapana.

Sipingi sona. Ziwa Edward linapita mita 100 kwa kina upande wetu wa Kongo, na kwenye ziwa Victoria watafiti wanakadiria wingi wa samaki kwa sauti tangu zamani. Kichwa cha sona kinatuma mlio majini, karibu mita 1,500 kwa sekunde, kisha kinasikiliza mwangwi ukirudi. Adui yake ni hewa. Kukibandika ndani ya pirogi ya mbao hakusaidii, kwa sababu mbao ina hewa ndani yake. Boti ya fiba nzito inakubali, lakini ni wangapi kati yetu wenye boti ya fiba?

Chukua mti mgumu ulionyooka. Funga kichwa kwenye ncha ya chini, uutundike ubavuni, mbali na motere, maana parapela inaleta mapovu. Ubane kwenye ukingo kwa kamba au jiriwa, na kipande cha gurudumu kuukuu katikati ili mbao isikwaruzwe. Kichwa kishuke kidogo kupita tumbo la pirogi, kiangalie chini wima. Waya upite juu ya ukingo. Ukikaribia ufuko, pandisha mti.

Wengine watasema mti unatikisika na picha inaruka mukikimbia. Ni kweli. Punguzeni mwendo. Picha mbaya inasameheka, lakini tundu lililozibwa kwa lami litaanza kuvuja mbao ikivimba na kukauka, usiku, katika maji yenye viboko, na vijana hawana jile.

Tena pirogi si ya mtu mmoja. Wapiga kafi wanaitegemea, na mama wanaongoja samaki asubuhi, na familia zilizokimbia vita ambazo hazina shamba tena. Kwa hiyo anayeleta mashine, awe mfanyabiashara au mradi, alete na mti wake na jiriwa yake, na asiguse mbao bila aliyeijenga pirogi kuwepo.

Yule fundi alinuna kidogo. Nilipoondoka walikuwa wanatafuta mti.