Uchafu Uzuiwe Mlangoni

Mwulize mkazi yeyote wa mjini maji yake husafishwa wapi, naye atakutajia mtambo. Maji ya Dar es Salaam, atasema, husafishwa Ruvu; na majitaka huishia katika mabwawa kama yale ya Vingunguti, au baharini. Jibu hilo si la uongo, lakini limewapumbaza wengi, pengine hata baadhi ya wanaopanga bajeti za mamlaka zetu za maji. Fedha zikipatikana, mtambo hupanuliwa, jiwe la msingi huwekwa na picha hupigwa. Maoni yangu ni kwamba kazi iliyo ngumu zaidi, na ambayo haizinduliwi kwa sherehe, ni kulinda milango: mlango ambao sumu hupitia kuingia katika bomba la majitaka kabla ya kufika bwawani, na mlango ambao uchafu hupenya kuingia katika bomba la maji safi baada ya kutoka mtamboni. Bwawa haliwezi kumeng'enya kila kitu, wala mtambo hauwezi kuondoa kilichoingia baada yake.

Tuanze na majitaka, kwa kuwa ndiyo tusiyopenda kuyazungumza. Bwawa la majitaka si shimo la kutupia taka. Lina tabia ya shamba. Ndani yake bakteria hula uchafu unaotoka vyooni na jikoni, na mwani, ule ukijani unaoonekana juu ya maji, hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni ambayo bakteria huihitaji. Bakteria nao hutoa hewa ya ukaa ambayo mwani huitumia kujijenga. Kwa nchi yenye jua kama yetu hii ni neema kubwa, maana kazi yote hiyo hufanyika bila umeme. Mwalimu wa biolojia aliye karibu na mabwawa ya namna hii, kwa mfano yaliyoko katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana maabara ambayo hakuna fedha za shule zingeweza kuinunua.

Lakini mkulima hulijua shamba lake, na hulijua pia lisichoweza kuota. Kiwanda cha ngozi hutumia chumvi za kromiamu kulainisha na kuhifadhi ngozi. Kiwanda cha kupaka metali hutumia zinki, nikeli na asidi. Bakteria hawali metali. Kromiamu iliyoingia bwawani ina njia tatu tu: iwadhuru bakteria wenyewe, izame katika tope la chini, au itoke na maji yanayoondoka. Hakuna ya nne. Mjini Moshi wakulima wa mpunga wa Mabogini humwagilia mashamba yao kwa maji yanayotoka katika mabwawa ya majitaka, na ni jambo la busara, maana maji hayo yana nitrojeni na fosforasi ambazo vinginevyo zingenunuliwa dukani kwa mfuko. Busara hiyo, hata hivyo, hudumu maadamu mji haumwagi metali katika mabomba yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye kiwanda apate kibali na ayasafishe majitaka yake kabla ya kuyaingiza katika mfumo wa umma. Sheria, basi, ipo. Upungufu ninaouona ni katika namna ya kupima. Viwango huandikwa kwa miligramu katika kila lita, na mjanja hugundua upesi kwamba kuna njia mbili za kupunguza miligramu katika lita: kupunguza miligramu, au kuongeza lita. Tuchukue kiwanda cha kubuni kinachotoa lita 10,000 kwa siku, kila moja ikiwa na miligramu 20 za kromiamu. Hizo ni gramu 200. Mwenye kiwanda akifungulia bomba na kuchanganya lita 90,000 za maji safi, mkaguzi atapima miligramu 2 tu, na wote wawili watapeana mikono. Gramu bado ni 200. Kwa siku 300 za kazi ni kilo 60, zilezile, isipokuwa sasa zimesafiri pamoja na maji ya kunywa yaliyopotea bure. Mamlaka zipime mzigo mzima wa siku, kwa kulinganisha kipimo cha maabara na kile cha dira ya maji. Tena zipime kwenye chemba ya kiwanda, saa ambayo mwenye kiwanda hakuitarajia. Niliposoma ng'ambo, ukubwa wa mitambo ya wenzetu haukunishangaza sana. Nilichokistaajabia ni bwana mmoja mwenye chupa na baiskeli aliyefika viwandani alfajiri bila kubisha hodi.

Magari ya kunyonya vyoo nayo ni mlango. Vingunguti hupokea magari hayo, na gari halisemi lilichobeba. Karatasi ya kupima asidi, ile ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha pili ameishika, ingetosha kugundua shehena nyingi zisizo za choo kabla hazijamwagwa.

Sasa maji safi. Yanapotoka Ruvu Chini huwa yametulizwa, yamechujwa na kutiwa klorini. Kiasi fulani cha klorini huachwa makusudi iyalinde njiani. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba yafikapo kwa mtumiaji isipungue miligramu 0.2 katika lita. Hata hivyo, mlinzi mkubwa kuliko klorini ni kanieneo. Bomba lililojaa maji yanayosukumwa kwa nguvu huvujia nje palipo na ufa, na maadamu linavujia nje hakuna kinachoingia. Kanieneo ikishuka kuliko ile ya maji yaliyotuama nje ya bomba, mambo hugeuka: ufa uliokuwa ukimwaga maji barabarani huanza kunywa. Hunywa kilicho karibu, yaani maji ya mtaro, au ya shimo la choo la jirani, au ya tope ambamo bomba limelala.

Mgawo wa maji, kama ule wa Dar es Salaam mwaka 2022 baada ya Mto Ruvu kupungua, huhesabiwa kuwa ni tatizo la kiasi. Ni tatizo la usafi vilevile. Na juu ya mgawo tumeongeza la kwetu: pampu ya umeme iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Mwenye nyumba hana nia mbaya. Ndoo haijai, na watoto wanataka kuoga. Lakini pampu haiumbi maji. Huyafyonza, na kwa kuyafyonza huishusha kanieneo ya mtaa mzima hadi ufa ulio mbele ya nyumba ya mwingine uanze kunywa. Klorini iliyosalia hupambana na tope hilo, ikaisha. Sielewi kwa nini mdaiwa wa ankara ndogo akatiwe maji mara moja, na mwenye pampu afumbiwe macho. Deni halimharishi mtu.

Tusidhani kwamba mambo haya huwapata maskini pekee. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, wageni wa hoteli waliambukizwa kuhara damu kwa amiba kwa sababu mabomba ya maji safi na ya majitaka yaliachwa yaingiliane ndani ya majengo. Watu 98 walikufa. Na mwezi Novemba 2007, katika mji wa Nokia nchini Ufini, bomba la maji ya kunywa na lile lililobeba maji yaliyosafishwa ya mtambo wa majitaka yalikuwa yameunganishwa, yakitenganishwa na valvu tu. Valvu ikafunguliwa. Kwa muda wa siku mbili hivi maji yale yakaingia katika mabomba ya mji, na maelfu ya watu wakaugua. Mtambo wa kusafishia maji ya kunywa haukuwa na kosa lolote.

Kinga ya ajali ya namna hiyo ni rahisi mno: nafasi ya hewa. Bomba linaloingiza maji tangini liishie juu ya kimo cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kufikia. Hapo, hata bomba la mtaa likianza kufyonza, litafyonza hewa. Anayetaka pampu na aifunge kati ya tangi lake na nyumba yake, upande wake wa nafasi hiyo. Shule nyingi zina tangi. Mwalimu wa fizikia anaweza kupanda ngazi na wanafunzi wawili, wakafunua mfuniko na kutazama mdomo wa bomba ulipo. Ukiwa umezama, maji ya tangi hilo yaweza kurudi mtaani siku mgawo utakapoanza, pamoja na mjusi aliyefia humo.