Kitabu cha Mwaka na Lugha ya Wenyewe

Kila mwaka, tangu 1974, hutoka Singapore kitabu kimoja ambacho kazi yake ni kusimulia mambo ya mwaka uliopita katika nchi za Asia ya Kusini Mashariki. Jina lake ni Southeast Asian Affairs, na mwenye kukitoa ni taasisi ya utafiti ambayo tangu 2015 huitwa ISEAS – Yusof Ishak Institute. Mpango wake haubadiliki sana. Kwanza huja insha juu ya eneo zima, kisha nchi hufuatana kwa herufi za majina yao, Brunei mbele na Vietnam nyuma, kila moja na mwandishi wake: serikali ilivyokwenda, uchaguzi ulivyokuwa, uchumi ulivyopanda au ulivyoshuka, ugomvi na jirani ulivyotulizwa au ulivyochochewa.

Si kitabu cha kudharauliwa. Kilikuwa kingali kichanga vita vya Vietnam vilipokwisha 1975. Kilikuwapo fedha ya Thailand ilipoanguka Julai 1997 na kuziburura fedha za jirani zake. Kilikuwapo Soeharto wa Indonesia alipoondoka madarakani Mei 1998 baada ya kutawala zaidi ya miaka 30. Kilikuwapo wanajeshi wa Myanmar walipoipindua serikali tarehe 1 Februari 2021. Nusu karne ya kazi hiyo si jambo jepesi. Wanaojua maisha ya majarida ya vyuo vikuu, jinsi yanavyotoka toleo moja kwa shangwe na kulala miaka mitatu, wataitambua thamani yake bila ya kuambiwa.

Lakini sifa ya kudumu haiondoi dosari ya kudumu. Kitabu hiki, tangu toleo la kwanza, kimeandikwa kwa Kiingereza. Mtaalamu wa Jakarta huwaeleza Waindonesia walivyopiga kura, lakini hawaelezi Waindonesia. Huwaeleza mabalozi, wenye mabenki, na maprofesa wa ng'ambo. Mvuvi, mkulima na mwalimu wa shule ya kijiji huingia humo kama habari, wala hawaingii kama wasomaji. Hilo ndilo shtaka, na watetezi wa kitabu wamekwisha kulizoea kiasi cha kutolisikia tena.

Ili shtaka lisionekane kuwa la chuki, yafaa kwanza itazamwe nia ya waasisi. Taasisi iliundwa kwa sheria ya bunge la Singapore mwaka 1968. Jamhuri ilikuwa na umri wa miaka mitatu, umoja wa ASEAN ulikuwa na mwaka mmoja, na Uingereza ilikuwa imetangaza Januari ya mwaka ule ule kuwa itayaondoa majeshi yake mashariki ya Suez. Mji mdogo wa wafanya biashara ulijiona peke yake katikati ya majirani usiowajua vyema. Goh Keng Swee, mmoja wa mawaziri wenye akili pevu wa zama zile, aliona kuwa kutomjua jirani ni hatari, na wazo la taasisi lilikuwa lake. Nia hiyo haina lawama. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kusoma kwa kina mambo ya Java au ya Burma alikwenda Leiden, London, Paris, au Cornell huko Marekani, ambako mpango wa masomo hayo ulianzishwa 1950. Hata jina la eneo lilienezwa na watu wa mbali: lilipata nguvu 1943, majeshi ya Uingereza na washirika wake yalipoiita kamandi yao, chini ya Mountbatten, kwa jina hilo.

Wakuu watatu wa kwanza wa taasisi, Harry Benda, John Legge na Josef Silverstein, walikuwa wataalamu wa kutoka nje. Mwaka 1972 ikashikwa na Kernial Singh Sandhu, mzaliwa wa Malaya, akaiongoza mpaka alipofariki 1992, na ni katika miaka yake kitabu cha mwaka kilipozaliwa. Basi maarifa yalirudishwa nyumbani. Nyumba ilihamishwa, wataalamu wakahamishwa, maktaba ikajengwa. Lugha ikabaki ile ile ya Cornell na London. Kazi ilifanywa nusu, na nusu iliyobaki haijafanywa hata leo.

Ajabu kubwa imo katika jina la taasisi. Yusof Ishak alikuwa rais wa kwanza wa Singapore, akafa akiwa madarakani Novemba 1970, na sura yake imo katika noti za nchi ile tangu 1999. Lakini kabla ya urais alikuwa mtu wa magazeti. Mwaka 1939 yeye na wenzake walianzisha hapo hapo Singapore gazeti la Utusan Melayu. Utusan ni mjumbe. Gazeti lilikuwa mjumbe wa Wamalay. Lilikuwa mali ya Wamalay wenyewe, likaandikwa Kimalay, na kwa herufi za Kiarabu ambazo huko huitwa Jawi. Waanzilishi wake hawakuwa wajinga wa Kiingereza. Yusof mwenyewe alisoma katika shule ya Kiingereza iliyosifika, na kama angalitaka kuwasimulia Waingereza habari za Wamalay, kalamu isingalimpinga. Alichagua kuwasimulia Wamalay habari za dunia na habari zao wenyewe, kwa lugha waliyoitumia kununulia samaki na kuombea mvua. Taasisi imebandika jina lake juu ya mlango, na kitabu chake cha mwaka kinafanya kinyume cha kazi aliyoanza nayo. Hapana mtu aliyeilazimisha kuchukua jina lile. Mwenye kulichukua hana budi kulichukua na mzigo wake.

Msomaji wa Kiswahili haoni jambo hili kuwa geni. Kimalay, kama Kiswahili, ni lugha ya pwani iliyosafirishwa na biashara, ikaandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ikapokea maneno ya Kiarabu bila ya kupoteza uti wake: khabar ni habari, kitab ni kitabu, dunia ni dunia, hakim ni hakimu. Na kuna mwaka mmoja ambao lugha hizi mbili zilikutana bila ya kujuana. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa na kuamua kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huo huo, tarehe 28 Oktoba, vijana walikutana Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, wakaapa kuwa taifa lao ni moja na lugha yao ya umoja ni Kiindonesia, yaani Kimalay kwa jina jipya. Mombasa walioamua ni watawala. Batavia walioamua ni watawaliwa. Wajava, waliokuwa kundi kubwa kupita yote, waliiacha lugha yao iliyojaa fasihi na wakakubali lugha ambayo kwa wachache tu ilikuwa ya mama. Hicho ni kisa cha siasa kikubwa kuliko mikutano mingi ya mawaziri ambayo kitabu cha mwaka hukiandikia kurasa.

Watetezi wana majibu, na baadhi si mepesi. Husema Kiingereza si lugha ya kigeni Singapore. Na kweli, hesabu ya watu ya 2020 ilionyesha kuwa ndicho lugha kuu ya nyumbani kwa watu 48.3 katika kila 100. Lakini kitabu hakiitwi Mambo ya Singapore. Husema tena kuwa Mkataba wa ASEAN wa 2007, kifungu cha 34, umekifanya Kiingereza kuwa lugha ya kazi ya umoja. Ni kweli pia. Lakini mkataba ule huwafunga makatibu na mawaziri katika vikao vyao, nao haukumfunga mwanachuoni. Mwanachuoni anayejificha nyuma ya kanuni za makatibu amekiri, bila ya kuulizwa, kuwa anawafanyia makatibu kazi.

Jibu lao la tatu ndilo zito. Wathai, Wavietnam, Waburma, Wakhmer na Walao hawasemi Kimalay. Kukichagua ni kuwapendelea wengine na kuwaudhi wengine. Na wakumbushe yaliyotokea 2022, Waziri Mkuu wa Malaysia, Ismail Sabri Yaakob, alipopendekeza Kimalay kiwe lugha ya pili ya ASEAN, na Waziri wa Elimu wa Indonesia, Nadiem Makarim, akalikataa pendekezo kwa kusema Kiindonesia ndicho kinachostahili zaidi. Ndugu wawili waligombea jina la lugha ambayo wote wawili wanaielewa, kisha wakaendelea na vikao kwa Kiingereza. Waswahili wasiwacheke sana. Ugomvi wa Kimvita na Kiunguja ungali na masalio yake, na utafiti mwingi wa siasa na uchumi wa Afrika Mashariki huandikwa vilevile kwa Kiingereza, hata na watu wanaofundisha Kiswahili.

Hata hivyo jibu hili la tatu linajibu swali lisiloulizwa. Hapana aliyetaka Kiingereza kifukuzwe, wala Kimalay kitawazwe juu ya Kithai. Linalotakwa ni kitabu kinachoeleza nchi kiwafikie wenye nchi: sura ya Vietnam isomwe pia kwa Kivietnam, ya Thailand kwa Kithai, za Indonesia, Malaysia na Brunei kwa lugha ambayo kwa tofauti ndogo ni moja. Nayo Singapore, kati ya nchi zote, haina haki ya kudai kuwa tafsiri ni jambo lisilowezekana. Katiba yake inazitaja lugha rasmi nne, Kimalay, Kimandarin, Kitamil na Kiingereza, na Kimalay huitwa humo lugha ya taifa. Wimbo wake wa taifa huimbwa Kimalay. Bungeni mwake kuna wakalimani wanaogeuza maneno ya wabunge papo hapo. Serikali inayoweza kumsikilizisha mbunge kwa lugha nne kabla hajaketi haishindwi na sura za kitabu kinachotoka mara moja kwa mwaka.

Kuna kazi nyingine ya mwaka ya taasisi ile ile inayodhihirisha kilicho hatarini. Tangu 2019 hutoa uchunguzi wa maoni kuhusu hali ya Asia ya Kusini Mashariki. Toleo la 2024 lilisikika dunia nzima. Wahojiwa waliulizwa ASEAN ikilazimishwa kuchagua kati ya China na Marekani ichague nani, na 50.5 katika kila 100 wakasema China. Mwaka 2025 mizani ikageuka, 52.3 wakasema Marekani. Magazeti ya mbali yakaandika kuwa eneo limechagua hivi, kisha vile. Nani aliyechagua? Waliohojiwa 2024 walikuwa watu 1,994: wanavyuoni, watumishi wa serikali, wafanya biashara, waandishi wa habari na watu wa mashirika, katika eneo lenye watu zaidi ya milioni 650. Na hesabu ilipangwa ili kila nchi iwe na uzito sawa, hata Brunei, yenye watu wasiofika nusu milioni, ikapima sawa na Indonesia yenye zaidi ya milioni 270. Taasisi haikuficha lolote katika hayo. Huyaeleza wazi kwa wenye kusoma maelezo, na kuwauliza wenye nafasi si kosa iwapo husemwa kuwa ndio walioulizwa.

Lakini tazama mzunguko ulivyo. Wachache waulizwa, wachache waandika, wachache wasoma, na jina la kitu kizima huwa ni eneo. Tofauti kubwa zilizomo hupotea katika jumla: mwaka 2024 waliochagua China walikuwa 75.1 kwa 100 Malaysia na 73.2 Indonesia, hali Ufilipino, ambayo meli zake zilikuwa zikimwagiwa maji na meli za China baharini, ilielekea upande mwingine kabisa. Mwalimu wa Kuala Lumpur angaliambiwa kwa lugha yake kuwa nchi yake imesemewa hivyo, huenda angalikubali, huenda angalikasirika, huenda angaliuliza walioulizwa ni akina nani. Swali hilo la mwisho ndilo ambalo kila taasisi ya utafiti ingepaswa kulitamani, kwa kuwa bila yake haiwezi kujua ilipokosea. Maarifa yasiyoweza kukanushwa na wanaohusika hayana mwenye kuyasahihisha.

Husemwa wenyeji hawana haja na vitabu vya namna hii. Utusan Melayu lilianzishwa 1939, likapata wasomaji.

Oktoba 2025 Timor ya Mashariki ilipokelewa kuwa mwanachama wa 11 wa ASEAN. Lugha zake rasmi ni Kitetum na Kireno, na katiba yake imekipa Kiindonesia na Kiingereza nafasi ya lugha za kazi, ijapokuwa Indonesia iliikalia nchi hiyo kwa miaka 24 na kumwaga damu nyingi. Watu waliopata sababu zote za kuichukia lugha ya jirani waliiweka katika katiba yao kwa kuwa inawafaa. Sura ya nchi hiyo imo katika kitabu cha mwaka kwa Kiingereza, na mfasiri wa kuigeuza kwa Kiindonesia anaweza kupatikana Singapore kabla ya adhuhuri.