KITI CHA MAREHEMU HAKIRITHIWI

Mauti ni haki. Hakuna chama kiwezacho kuyazuia, wala serikali iwezayo kuyapangia siku. Walakini yanapomfika mtu aliyechaguliwa na watu, hutokea misiba miwili, nayo yafaa tuipambanue. Msiba wa kwanza ni wa kuondokewa na mtu, na huo ni amri ya Mwenyezi Mungu. Msiba wa pili ni wa kiti kukaa kitupu, na huo ni kazi ya wanadamu. Wa kwanza twaupokea kwa subira. Wa pili hatukuamrishwa kuusubiria.

Leo twawaomba ndugu wanachama waelekeze macho mbali na visiwa vyetu, hadi pembe ya magharibi ya Bara, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Ndiko iliko Rusumo, ambako mwezi wa Aprili mwaka 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja kwa muda wa siku moja tu. Biharamulo ni jirani yake, na pale Nyakanazi njia itokayo Kigoma huipata njia kuu ya Kahama. Hatuna karafuu huko wala jamaa wengi. Kwa nini basi tuwataje? Kwa sababu Tume ya Uchaguzi ipokeayo khabari ya kufa kwa diwani wa Ngara ndiyo ile ile iliyoendesha uchaguzi wa Bunge katika jimbo la Konde, Pemba, mwaka 2021. Mlango ni mmoja, na bawabu ni mmoja. Anayetaka kujua atakavyofanyiwa yeye, na aangalie kwanza anavyofanyiwa jirani.

Sote tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu tulifundishwa kwamba mali ya maiti ina haki nne, na kila haki ina zamu yake. Kwanza maziko yake. Pili madeni yake. Tatu wasia wake. Nne, na mwisho, ndipo warithi. Anayerukia la nne kabla ya la pili ni mdhulumu, hata akiwa amelia kuliko watu wote matangani. Kwa mizani hii hii na tuyapime mabaraza ya madiwani, yawe ya Ngara, yawe ya Biharamulo, au ya wilaya yoyote ya Bara.

Katika haki ya kwanza hatuna lawama. Desturi ya mabaraza ni nzuri, na haki ya mtu ni asifiwe kwa alilolitenda vyema. Diwani akifa, wenziwe husimama kimya kumkumbuka, wasifu wake husomwa, rambirambi hukusanywa, viongozi hufuatana na jeneza hadi kijijini. Watu wa chama hiki na watu wa chama kile huchukua jeneza moja. Haya ni mambo ya utu, na sisi hatutayatia ila.

Tatizo huanza pale watu wanapokung'uta mchanga wa kaburi na kurudi makwao. Kwani haki ya pili ni madeni, na diwani hafi bila ya madeni. Deni lake si la duka. Deni lake ni ile zahanati iliyosimama kwenye msingi, ni lile darasa lililoahidiwa bati, ni lile swali aliloliuliza barazani juu ya ushuru wa mazao na hakujibiwa. Deni hili lamhusu nani sasa? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imemfanya diwani kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Mwenyekiti amechaguliwa na watu, katibu ameajiriwa. Mwenyekiti akifa, hata akipatikana wa kukaimu kwa muda, kalamu na mafaili yamebaki kwa aliyeajiriwa. Hatusemi kwamba kila mtendaji ni mbaya. Twasema kwamba mtendaji hana wa kumuuliza kwa sauti ya wananchi wa kata nzima, na mtu asiyeulizwa huzoea kutojibu.

Wazee walinena: asiyekuwepo na lake halipo. Tazameni kalenda ya halmashauri mtaona ukweli wa neno hili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hujadiliwa na kupitishwa na baraza katika miezi ya kabla yake. Tuchukue mfano wa kata moja ya mpakani ambayo diwani wake amefariki mwezi wa Disemba, na kiti kikakaa kitupu hadi Julai. Mtu atakayehesabu kwa vidole atasema kata hiyo imekosa msemaji kwa miezi saba. Sivyo. Makadirio yamekwisha kupitishwa bila yake, na atakayechaguliwa Julai atayakuta yameshakauka wino, asiweze kuyagusa kwa jambo kubwa hadi mwaka mwingine. Miezi saba ya kiti kitupu imezaa mwaka mmoja na nusu wa kata isiyosikika. Sisi tunaoshika mizani madukani twajua kwamba kibaba kikipungua kila siku kidogo, mwisho wa mwaka ni gunia.

Na kwa nini kiti kikae miezi? Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Akifa mbunge, mambo huharakishwa. Jimbo la Biharamulo Magharibi lilipofiwa na Phares Kabuye wa TLP mwaka 2009, uchaguzi mdogo ulifanywa mwezi wa Julai mwaka huo huo. Mpakani kwao, upande wa Kakonko, alipofariki Kasuku Bilago wa CHADEMA, mbunge wa Buyungu, mwezi wa Mei 2018, watu walipiga kura tarehe 12 Agosti. Kwetu Konde, alipofariki Khatib Said Haji wa ACT-Wazalendo mwezi wa Mei 2021, kura zilipigwa tarehe 18 Julai. Lakini kiti cha diwani husafiri kwa barua. Lazima halmashauri ipeleke khabari, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aitaarifu Tume, na Tume ndiyo itangaze siku. Hivyo ndivyo ilivyokuwa chini ya kifungu cha 13 cha Sura ya 292, sheria ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria Namba 1 ya mwaka 2024.

Barua hizi zikifika, viti hukusanywa kama abiria wa dau lisilong'oa nanga mpaka lijae. Tarehe 26 Novemba 2017 zilipigwa kura katika kata 43 kwa siku moja. Agosti 2018, pamoja na Buyungu, zilitangazwa kata 77. Tarehe 13 Julai 2023 zikawa kata 14. Hatusemi kwamba viti vyote hivyo viliachwa na marehemu. Vingi, khasa vya mwaka 2017 na 2018, viliachwa na walio hai waliohama vyama vyao. Na hilo ndilo lichukizalo: kata iliyofiwa huwekwa safu moja na kata iliyouzwa, zikangojea dau moja. Tutaambiwa kwamba kukusanya viti ni kuokoa fedha za umma. Fedha ni kitu, hatubishi. Lakini mbona hesabu hii ya fedha haifanywi anapokufa mbunge? Je, mwananchi wa Murusagamba au wa Nyakahura ana haki ya kusikilizwa Dodoma, asiwe na haki ya kusikilizwa katika wilaya yake mwenyewe, ambako ndiko kunakopangwa kisima chake na njia yake?

Haki ya tatu ni wasia. Diwani huacha wasia bila ya kujua, nao umo katika muhtasari wa vikao: aliyoyasema, aliyoyapinga, aliyoyaahidiwa. Waraka huo si siri ya ofisi. Ungesomwa mbele ya wananchi wa kata yake siku ya arubaini, watu wangejua marehemu wao alikuwa akidai nini, na mrithi wa kazi yake angeanza pale alipoishia. Badala yake muhtasari hulala katika kabati, na diwani mpya huanza alifu kwa kijiti.

Tumefika haki ya nne, na hapa ndipo penye tamaa. Ni nani mrithi wa kiti? Kwa diwani wa viti maalumu, sheria imekwisha jibu: nafasi hurejea kwa chama chake, na jina hufuata katika orodha. Lakini kiti cha kata hakina mrithi miongoni mwa vyama. Si cha chama cha marehemu, si cha ndugu zake, wala si cha chama tawala. Mwenye kiti ni mpiga kura. Watu wa Biharamulo walituonesha hayo kwa vitendo. Kiti alichokiacha Kabuye wa TLP walimpa Oscar Mukasa wa CCM mwaka 2009. Mwaka uliofuata, 2010, wakamvua, wakampa Anthony Mbassa wa CHADEMA. Mwaka 2015 wakamrejeza Mukasa. Wengine watasema hawa ni watu wa kigeugeu. Sisi twasema hawa ni wenye mali, na mwenye mali huiweka amana yake apendapo. Na neno hili latugusa hata sisi wapinzani: akifa diwani wetu, hatudai turithishwe. Twadai tuulizwe sote, mbele ya sanduku, kwa haki.

Haki hiyo yataka mizani isiyo na kidole. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na Rais ni kiongozi wa chama kishindanacho. Mkurugenzi huyo huyo ndiye ofisi yake yapeleka khabari ya kifo, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi wa kumpata mrithi. Mwezi wa Mei 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utaratibu huo wakiuka Katiba. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sheria ya mwaka 2024 haikuufunga mlango huo kwa komeo. Kuna duka gani duniani ambalo mwenye kupima, mwenye kulipa na mwenye kuandika daftari ni mtu mmoja, na mteja akaambiwa asishuku?

Ndugu zetu wa Konde wajua maana ya kushuku. Kura za tarehe 18 Julai 2021 zilipokwisha kuhesabiwa, alitangazwa mgombea wa CCM. Watu walipiga kelele, na kabla hajaapishwa mtu huyo alijiuzulu. Kura zikapigwa tena tarehe 9 Oktoba, na kiti kikarejea ACT-Wazalendo. Konde ilikuwa na chama chenye wanasheria na sauti, na magazeti yaliandika. Kata ya ndani ya Ngara, iliyofiwa na diwani wake, haina mwandishi wa gazeti kibarazani. Ikidhulumiwa, itadhulumiwa kimya kimya. Ndiyo maana twaisemea leo, maana dhulma huzoezwa kwa mnyonge asiyeonekana kabla ya kuletwa kwa anayeonekana.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, wala hapana hata moja lihitajilo dhahabu. Kwanza, siku halmashauri inapopeleka khabari ya kiti kitupu, nakala ya barua hiyo ibandikwe ukutani katika ofisi ya kata, ili kila mtu ajue barua imeondoka lini na imelala wapi. Pili, sheria iweke kikomo cha siku, zihesabiwe tangu siku ya kifo, zisihesabiwe tangu siku ambayo mkubwa fulani amepata nafasi ya kutia saini. Tatu, muhtasari wa madai ya marehemu usomwe hadharani katika kata yake, na makadirio yoyote yanayopitishwa wakati kiti ni kitupu yatanguliwe na mkutano wa wananchi wa kata hiyo. Nne, anayesimamia uchaguzi asiwe mkurugenzi wa halmashauri ambayo diwani huyo atakwenda kuisimamia.

Nanyi wanachama wetu wa matawi, msingoje sheria. Likitokea tawini kwenu, zikeni kwanza, wala msitaje siasa makaburini. Kisha, siku ya tatu, andikeni daftari la madeni ya kiti: kila ahadi, kila swali, kila mradi uliosimama. Lipelekeni kwa Mtendaji wa Kata, na mtake risiti ya kulipokea. Hesabuni siku, na kila mwezi muulize kwa maandishi barua imefika wapi. Mkifanya hivyo hapana atakayeweza kusema kwamba hakujua.

Mwenye kufa amekwisha kuitikia wito, na hisabu yake iko kwa Mola wake. Hisabu ya kiti iko kwetu sisi tulio hai.