Somo la Matetemeko ya Ardhi Lianzie Nyumbani

Aghalabu sisi walimu wa jiografia tufundishapo matetemeko ya ardhi huanzia Japani na kuishia California. Mwanafunzi hukariri maana ya ufa, huchora miamba iliyokatika, na mtihani akafaulu. Lakini hajui kwamba nchi anayochungia ng'ombe imekatwa na nyufa za namna hiyohiyo. Twaona kwamba yafaa somo hili lianzie pale alipo mwanafunzi. Na tuchukue mfano wa Nainokanoka, wilayani Ngorongoro.

Nainokanoka iko juu ya milima ya volkeno, karibu na kreta ya Olmoti. Upande wa mashariki nchi hushuka kwa ghafula hadi sakafu ya Bonde la Ufa, kuelekea Engaruka. Ukuta huo ni alama ya ardhi iliyokatika na kudidimia kidogo kidogo, kwa matetemeko yasiyo na idadi. Wala kazi hiyo haijakoma. Mwezi wa Julai 2007, eneo la mlima Gelai, jirani na Oldoinyo Lengai, lilitikisika kwa siku nyingi. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilisikika hata Nairobi. Ardhi ilipasuka, na Septemba mwaka huohuo Lengai ukalipuka kwa nguvu.

Basi mwanafunzi afundishwe kuwahoji mashahidi watatu. Wa kwanza ni ardhi. Katika bonde la Olduvai, wilayani humohumo, wataalamu wamezipa nyufa namba, kwani tabaka za upande mmoja hazilingani kimo na zile za upande wa pili. Wataalamu huchimba pia handaki kukata ufa: tabaka iliyokatika ni kongwe kuliko tetemeko; iliyolala juu yake bila kukatika ni changa. Mkaa uliomo ndani yake hupimwa umri, na wakati wa tetemeko ukakadiriwa. Jambo hili twaweza kulionyesha darasani kwa sanduku na udongo wa rangi mbalimbali, bila gharama yoyote.

Shahidi wa pili ni wazee. Mzee wa Kimaasai huenda asitaje mwaka, lakini ataeleza ni rika lipi lililokuwa la morani ardhi ilipotetemeka. Mwanafunzi akijua mpangilio wa marika, ataweza kukadiria tarehe. Shahidi wa tatu ni vyombo vya kupimia mitetemo.

Wako watakaosema kwamba kumbukumbu za wazee si sayansi. Ni kweli kwamba hazivuki vizazi vichache. Lakini hata vyombo havijatimiza karne mbili, ilhali ufa waweza kukaa kimya kwa maelfu ya miaka kabla ya kusogea tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo hakuna shahidi atoshaye peke yake, na kuwalinganisha ndiyo sayansi yenyewe. Hakuna awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo. Mahali penye hatari pataweza kujulikana.

Wengine wanahofu kwamba tutawatisha watoto. Hao tunawakumbusha Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 lilitokea huko tetemeko lenye ukubwa wa 5.9, sawa na lile la Gelai. Lakini Gelai ni nchi ya watu wachache. Kagera palikuwa na mji wa Bukoba na vijiji vilivyosongamana. Watu zaidi ya 15 walifariki, maelfu ya nyumba yakaharibika, na majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yakabomoka vibaya. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Je, ingalikuwa Jumatatu asubuhi?

Ukubwa ni uleule, maafa ni mbalimbali. Hilo ndilo funzo ambalo mchoro wa kitabuni hauwezi kulitoa: ufa huleta mtikiso, nao ukuta dhaifu huua. Kwa hiyo hatuna budi kulimalizia somo hili nje ya darasa, wanafunzi wakikagua kuta za shule yao, mlango wanaotokea, na uwanja watakaokimbilia. Mwalimu aandike watakayoyaona, na kuyafikisha kwa kamati ya shule kabla ya ardhi kutukumbusha.