KONA YA KOMPYUTA: Mashini inazimika katikati ya picha, tufanye nini?

Mwezi huu tunajibu swali la vijana wengi: kwa nini kompyuta inaandika barua siku nzima bila shida, lakini tukianza kutengeneza picha inaganda au inazimika?

Swali hili si la mchezo. Wako kati yetu waliovuka mpaka na picha moja tu ya mzazi, imekunjika, imelowa mvua. Unakaa saa mbili kufuta mikunjo usoni mwa marehemu, halafu mashini inakufa na kazi yote inapotea.

Tuelewe kwanza sababu. Picha ya megapikseli 12 ina nukta milioni 12. Kwenye diski inaweza kuwa megabaiti 4 tu, maana imebanwa. Ukiifungua, kila nukta inataka baiti 3 kwa uchache, basi inakuwa megabaiti 36. Weka matabaka matano juu yake, unapita megabaiti 200, na bado programu inakumbuka kila hatua ili uweze kurudi nyuma. Barua ni mzigo wa kichwani, picha ni mzigo wa lori.

Sasa angalia mashini inakufa namna gani.

1. Programu inajifunga, kompyuta inabaki inawaka. Mara nyingi memori imejaa, au diski haina nafasi, kwa sababu memori ikijaa programu inaandika kwenye diski. Funga programu zingine, ondoa filamu na nyimbo kwenye diski, punguza ukubwa wa nakala unayofanyia kazi.

2. Mashini nzima inazimika ghafla, kama mtu amechomoa waya. Hapo fikiria joto au umeme. Bujumbura iko chini kando ya Tanganyika, joto lake si la milimani, na kiangazi cha Juni hadi Septemba kinaleta vumbi. Feni ikijaa vumbi, mashini inajizima yenyewe isiungue. Izime, chomoa waya, safisha kwa brashi laini huku umeshika feni isizunguke. Kama bado, jaribu waya na soketi nyingine. Sanduku la umeme ndani ya kompyuta usilifungue, hilo ni la fundi.

3. Skrini inakuwa ya buluu, au mashini inajiwasha upya, leo hapa kesho pale. Huenda kipande cha memori ni kibovu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kisha acha mashini ijipime. Ikionyesha kosa, zima, toa vipande vya memori na urudishe kimoja kimoja mpaka umjue mgonjwa. Ukitumia Photoshop, nenda kwenye mipangilio, uzime matumizi ya kadi ya picha. Shida ikiisha, umeshajua inatoka wapi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika siku, saa, programu, ukubwa wa picha na kilichotokea. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua kipi kimeponya.

Wakati bado unatafuta ugonjwa, linda picha. Usiguse ya asili kamwe, fanya kazi kwenye nakala. Hifadhi kila baada ya dakika kumi, na kila saa toa jina jipya: mama1, mama2, mama3. Ukimaliza, weka nakala kwenye flashi na nyingine mahali pengine, kwa ndugu unayemwamini. Flashi iliyozunguka mtaani ipime virusi kwanza.

Na ile picha ya karatasi, hata kama imechakaa, msiitupe baada ya kuiingiza kwenye kompyuta. Iwekeni ndani ya kitabu, mahali pakavu. Karatasi haihitaji umeme.

Mkikwama, njooni darasani na daftari lenu. Tuonane mwezi ujao.